Jibu hasi la influenza, RSV au UVIKO-19: kabla hujaliamini, uliza sampuli ilichukuliwaje

#1 PipetiNyoofu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wataalamu wa maabara, matabibu, wauguzi wanaochukua sampuli na wanafunzi wa vyuo vya afya. Mada ni upimaji wa virusi vya njia ya hewa: influenza A na B, RSV (kirusi cha mapafu kinachoumiza hasa watoto wachanga), virusi vya UVIKO-19, na wenzao kama parainfluenza, adenovirusi, rinovirusi na metanyumovirusi ya binadamu, iliyogunduliwa Uholanzi mwaka 2001.

Naanzia puani, maana majibu mengi ya uongo yanazaliwa huko. Mashine ikiharibika itaandika kosa kwenye skrini. Kijiti kilichoishia sentimita mbili puani hakiandiki chochote. Kinaleta jibu "hasi" safi kabisa, lenye muhuri, na mgonjwa mwenye influenza analazwa katikati ya wodi ya watu wengine.

Kijiti kiwe na kichwa cha nailoni au poliesta, na mpini wa plastiki au wa waya mwembamba unaopinda. Vyenye mpini wa mti na vile vya kalsiamu alginati viacheni. Vina vitu vinavyozuia vimeng'enya vya PCR (kipimo kinachonakili vinasaba vya kirusi mpaka vionekane), na vinaweza kuua kirusi kabla hujakiotesha. Vile ambavyo nyuzi zake zimesimama kama brashi huachia seli nyingi kwenye kimiminika kuliko vilivyosokotwa.

Mgonjwa apenge kamasi kwanza. Akae kichwa kikiwa kimeegemea kitu, maana kijiti kikiingia atarudi nyuma tu, hata akiwa mtu mzima na ameahidi kutulia. Inua kidevu, kichwa kilale nyuma kama nyuzi 70. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaelekeza kijiti juu, kuelekea jicho. Sakafu ya pua haipandi, inakwenda moja kwa moja nyuma, upande wa sikio. Sukuma polepole sambamba na kaakaa mpaka ukute ukinzani. Kina chake kinalingana na umbali wa kutoka tundu la pua hadi sikio. Ukikwama mapema usilazimishe, huenda ukuta wa kati wa pua umepinda, hamia tundu la pili. Ukifika, kiache sekunde kadhaa kinyonye, kizungushe, kisha kitoe taratibu huku ukiendelea kukizungusha. Macho yatatoa machozi. Mgonjwa asipokunja hata uso, mara nyingi kijiti hakijafika.

Kwa mtu mzima ongeza kijiti cha koo: sugua ukuta wa nyuma na tonsili zote mbili, usiguse ulimi. Vyote viwili viingie kwenye kichupa kimoja chenye mililita 2 hadi 3 za kimiminika cha kusafirishia virusi. Vunja mpini kwenye alama yake ili kifuniko kifunge vizuri. Mpini ukibaki mrefu kifuniko kinakaa upande, na kichupa kinafika maabara kikavu.

Kwenye fomu msisahau tarehe dalili zilipoanza. Watu huijaza tarehe ya kuchukua sampuli na kuiacha hii, wakati ndiyo inayotuambia jibu hasi lina uzito gani.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 Tabibu_Wodi4

Asante sana mkuu. Maswali mawili. La kwanza, siku ipi ya ugonjwa ni nzuri kuchukua sampuli? La pili, mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, picha ya kifua inaonyesha nimonia pande zote mbili, kijiti cha pua kimerudi hasi. Naamini?

#3 PipetiNyoofu

Daktari, kwa influenza siku 3 hadi 4 za mwanzo ndizo zenye kirusi kingi kwa mtu mzima. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu hutoa kirusi kwa muda mrefu zaidi. Kwa ufuatiliaji wa taifa, WHO inasema homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, dalili zikiwa zimeanza ndani ya siku 10. Akilazwa anahesabiwa kundi la ugonjwa mkali, na hapo hata historia ya homa inatosha. Angalizo: RSV kwa mtoto mchanga mara nyingi haina homa kabisa. Ukisubiri homa ndipo upime, utawaacha wale walio hatarini zaidi, na mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kuja na kusita kupumua tu bila dalili nyingine.

Kuhusu wa mashine ya kupumulia: hapana, usiliamini peke yake. Ugonjwa ukishashuka mapafuni, kirusi kinaweza kuwa kimeisha puani huku chini kikiwa kingi. Omba sampuli ya chini: majimaji yanayofyonzwa kupitia mrija wa hewa, au maji ya kuosha mapafu kama kuna mtaalamu wa kuyachukua. Kwa influenza A ya H5N1 (mafua ya ndege) koo limekuwa likitoa kirusi vizuri kuliko pua, na kwa wafanyakazi wa ng'ombe wa maziwa Marekani mwaka 2024, wengi wakiwa na macho mekundu, kijiti cha jicho kilikuwa na umuhimu wake.

#4 NyuziHasi80

Naomba niendelee na safari ya kichupa, maana kati ya wodi na maabara napo kuna makaburi.

Kimiminika chenyewe kinatengenezeka. Msingi ni myeyusho wa Hanks wenye kalsiamu na magnesiamu, usio na rangi ya fenoli. Unaongeza seramu ya kijusi cha ng'ombe iliyopashwa moto hadi iwe asilimia 2, jentamaisini hadi mikrogramu 100 kwa mililita, na amfoterisini B hadi mikrogramu 0.5 kwa mililita. Seramu inakilinda kirusi, dawa zinazuia bakteria na fangasi wa kooni wasiote. Kabla ya kukitumia weka sehemu kidogo kwenye joto la 37 uangalie usafi, kisha gawa mililita 3 kwa kila kichupa. Kama unapima PCR tu, chumvi ya kawaida ya asilimia 0.9 iliyo safi inakubalika kwa vipimo vingi vya UVIKO-19, lakini soma maelezo ya kiti chako (seti ya kipimo, "kit") kwanza. Kimiminika kikibadilika kuwa cha mawingu, tupa.

Joto: nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Ukijua hakitafika ndani ya hapo, gandisha kwenye nyuzi hasi 70 au chini zaidi. Ile friza ya kawaida ya hasi 20 ndiyo adui mkimya. Kirusi cha influenza na cha RSV vina ganda la mafuta. Vikigandishwa polepole, chembe za barafu hulichana, na kama unataka kuotesha umeshapoteza. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe ni mbaya zaidi, zinapanda na kushuka joto kila siku bila wewe kujua. Ukishagandisha usiyeyushe mpaka siku ya kupima. Gawa sehemu mbili tatu kabla ya kugandisha ili kurudia kipimo kusilazimishe kuyeyusha kila kitu.

Kwenye kisanduku baridi usiegemeze kichupa moja kwa moja kwenye pakiti ya barafu iliyotoka friza sasa hivi, kitaganda upande mmoja. Acha pakiti zitoe jasho kwanza, kama tunavyofanya na chanjo. Ukitumia barafu kavu, kaza vifuniko: gesi ya kaboni ikipenya inafanya kimiminika kuwa na asidi, na influenza haivumilii asidi. Na chombo cha nje kiwe na njia ya gesi kutoka, kisije kikapasuka.

Ufungaji ni matabaka matatu: kichupa, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya ndani, halafu boksi gumu la nje lenye alama ya almasi UN3373 (ya sampuli za kibiolojia). Kwa ndege, kichupa au chombo cha pili lazima kihimili tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 95. Fomu inakaa nje ya chombo cha pili, siyo ndani na sampuli. Fomu iliyolowa kimiminika cha mgonjwa hakuna atakayeishika.

#5 Mwanafunzi_DMLS

Wakuu, RNase P ni ya nini hasa? Chuoni tunaambiwa ikipanda basi sampuli ni nzuri.

#6 PipetiNyoofu

RNase P ni jeni la binadamu. Tunalipima pamoja na kirusi ili kujua kama kwenye kichupa kuna seli za mtu. Kirusi hasi na RNase P imepanda: jibu hasi linaweza kutolewa. Kirusi hasi na RNase P haikupanda: hilo siyo jibu, rudia kutoa RNA (vinasaba vya kirusi), na ikigoma tena omba sampuli mpya. Kirusi chanya na RNase P haikupanda: chanya inabaki chanya.

#7 NyuziHasi80

Mkuu naomba niongeze hapo, maana pana mtego. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyolenga jeni) za RNase P zinazotumika sana zinashika hata DNA ya mgonjwa, siyo RNA peke yake. Kwa hiyo ikipanda haithibitishi kwamba hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA imefanya kazi. Na DNA inavumilia joto kuliko RNA. Sampuli iliyoshinda juani kwenye pikipiki inaweza kutoa RNase P nzuri kabisa huku RNA ya kirusi imeshakatika vipande. Pia haisemi kijiti kilifika wapi, maana seli za mlangoni mwa pua nazo zina jeni hilo. Inachothibitisha ni kimoja tu: kijiti kiligusa mtu, na kile kilichotolewa hakikuzuia kipimo.

Hatua ya RNA thibitisha kwa kidhibiti chanya (kitu cha kulinganishia ambacho lazima kipande) ambacho ni RNA, siyo plazmidi (duara dogo la DNA). Wengi wananunua plazmidi kwa sababu haiharibiki, halafu wanashangaa kidhibiti kinapanda wakati kimeng'enya cha kugeuza kimekufa.

#8 Mwanafunzi_DMLS

Hili la DNA sikuwahi kuambiwa. Asante sana. Basi tupeni na hatua za kutoa RNA na kupanga sahani.

#9 SahaniTisaSita

Nachukua kiti cha mkono kinachojulikana sana, QIAamp Viral RNA Mini, kwa sababu ukikielewa hicho vingine vya safu (kichupa chenye utando unaonasa RNA) utavisoma mwenyewe.

Ndani ya kabati salama la daraja la pili: mikrolita 560 za AVL (bafa ya kupasua kirusi) iliyochanganywa na RNA ya kubebea (mikrogramu 5.6), ongeza mikrolita 140 za sampuli, tikisa sekunde 15, acha dakika 10 kwenye joto la chumba. Usifupishe dakika hizo. Ongeza mikrolita 560 za ethanoli ya asilimia 96 hadi 100, tikisa. Pitisha mikrolita 630 kwenye safu, zungusha dakika 1 kwa 6000 × g, rudia na zilizobaki. Osha na mikrolita 500 za AW1, kisha 500 za AW2 ukizungusha dakika 3 kwa 20,000 × g. Hamishia safu kwenye kichupa kipya uizungushe tena dakika 1 ikiwa kavu. Weka mikrolita 60 za AVE (bafa ya kuitoa RNA) katikati kabisa ya utando, subiri dakika 1, zungusha.

Ule mzunguko mkavu watu wanauruka kuokoa muda. Ethanoli ikibaki inaingia kwenye PCR na kuizuia, na utaona RNase P za sahani nzima zimechelewa. Na wale wanaosoma mizunguko kwa dakika badala ya g, kumbukeni rota zinatofautiana. 8000 ya sentrifuji moja siyo 8000 ya nyingine.

JAMBO LA USALAMA. AVL na AW1 zina guanidini. USIMWAGE JIKI juu yake, wala usitupe ncha za pipeti zenye AVL kwenye ndoo ya jiki. Zikikutana zinatoa gesi zenye sumu kali. AVL ikimwagika, futa na maji na sabuni kwanza, kisha ndipo usafishe na jiki. Wekeni ndoo mbili zenye rangi tofauti, na mwandike ukutani, maana mtu wa usafi hajui guanidini ni kitu gani na hana kosa.

Kwa meza na pipeti, jiki ya dukani ya asilimia 3.5: sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji inakupa asilimia 0.5. Changanya kila siku, ya jana imepungua nguvu. Ikae dakika 10, futa na maji, malizia na spiriti ya asilimia 70. Ukiacha jiki ikauke kwenye kabati, chuma kitaota kutu.

Sasa mchanganyiko wa PCR. Kwa kisima kimoja cha mikrolita 25, kwa protokali ya influenza ya CDC ya Marekani: bafa ya mara mbili 12.5, praima ya mbele 0.5, ya nyuma 0.5, probu (kipande cha DNA kinachotoa mwanga) 0.5, kimeng'enya 0.5, maji 5.5. Hizo ni 20, kisha RNA 5. Praima ziwe mikromola 40 na probu mikromola 10 kwenye vichupa vyako, ili ndani ya kisima upate 0.8 na 0.2. Una sampuli 20 na vidhibiti 3? Tengeneza ya 25: bafa 312.5, maji 137.5, na vile vinne vingine 12.5 kila kimoja. Jumla mikrolita 500. Ukitengeneza ya 23 kamili, kisima cha mwisho kitakosa, kwa sababu pipeti inabaki na kidogo kila mara.

Joto: nyuzi 50 dakika 30, nyuzi 95 dakika 2, halafu mizunguko 45 ya nyuzi 95 sekunde 15 na nyuzi 55 sekunde 30, ukisoma mwanga kwenye 55.

Mchanganyiko ufanyike chumba safi ambacho RNA haijawahi kuingia. Chumba cha pili RNA, cha tatu mashine. Koti na pipeti za kila chumba zibaki humo, na mtu haendi nyuma: akishaingia chumba cha tatu hatarudi cha kwanza siku hiyo. Sahani iliyokwisha kupimwa ISIFUNGULIWE. Kila kisima chanya kina mabilioni ya nakala, na tone moja la hewani linatosha kuwachafua kwa wiki nzima.

#10 Kizingiti_0.1

Kidhibiti hasi cha maji kimepanda Ct 36 (mzunguko ambao mwanga unaanza kuonekana) kwenye InfA (kipimo cha influenza A), kwingine kimya. Sampuli nne kati ya 20 ni chanya, mbili zina Ct 22 na 25, mbili zina 35 na 36. Mnaruhusu zile mbili za kwanza zitoke?

#11 SahaniTisaSita

Hapana mkuu, sahani nzima ya InfA inarudiwa. Najua shinikizo la wodi, lakini kidhibiti kikianguka hakuna cha kuchagua. Ukirudia, zile za 22 na 25 zitabaki chanya ndani ya saa tatu na hakuna aliyeumia. Za 35 na 36 ndizo zitakazokueleza ukweli.

Kutafuta chanzo angalia mpangilio. Kama visima vingi vinapanda karibu Ct ileile, mchafu ni maji, praima au bafa: fungua vichupa vipya kimoja baada ya kingine. Kama ni kisima kimoja kimoja, jirani ya sampuli yenye kirusi kingi, ni tone lililoruka wakati wa kufungua vifuniko. Ndiyo maana kidhibiti hasi kinawekwa kwanza na kufunikwa, sampuli zinafuata, chanya inakuwa ya mwisho. Baadhi yetu tunaweka cha pili hasi mwishoni pia, kukamata uchafu wa katikati ya kazi.

Na kabla ya kusoma namba ya Ct fungua grafu. Kirusi cha kweli kinachora S: tambarare, kinapanda kwa nguvu, kinatulia. Mstari unaopanda kidogo kidogo kama barabara ya mlima, bila kuinuka ghafla, mara nyingi ni probu iliyoharibika na mwanga, na programu itakupa "Ct 38" bila aibu. Probu igawanywe kwenye vichupa vyeusi vidogo, isiyeyushwe mara kwa mara.

Mwisho, sampuli yenye kamasi nzito au damu, RNase P ikachelewa mpaka 36. Punguza RNA yake mara 10 kwa maji safi uirudie. Kwa hesabu, kupunguza mara 10 kunapaswa kuchelewesha Ct kwa kama 3.3. Ikiwa badala ya kuchelewa imewahi, kulikuwa na kizuizi ndani na umekipunguza.

#12 Tabibu_Wodi4

Kwa hiyo Ct ndogo ni kirusi kingi. Naweza kuitumia kumfuatilia mgonjwa, leo 24 kesho 29 anapona?

#13 PipetiNyoofu

Kwa tahadhari sana daktari. Kirusi kile kile, kijiti cha leo kimefika na cha kesho kimeishia njiani, Ct inaruka 5 bila mgonjwa kubadilika. Pia Ct za maabara mbili zenye viti tofauti hazilinganishwi. Mtazame mgonjwa, hewa ya damu na pumzi yake. Kwa UVIKO-19 RNA inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kirusi hai kuisha, kwa hiyo PCR chanya ya Ct 36 siku ya 25 haimaanishi bado anaambukiza.

#14 MamaZahanati

Sisi wa zahanati hatuna PCR. Tuna vipimo vya haraka vya antijeni tu. Tunavitumiaje bila kuwadanganya watu?

#15 HesabuZaAfya

Dada, kipimo cha haraka kina nafasi yake, ila jibu lake linategemea ugonjwa umeenea kiasi gani siku hiyo. Nitakupigia hesabu kwa kiwango cha chini ambacho WHO iliweka kwa antijeni ya UVIKO-19: kinashika wagonjwa 80 kati ya 100, na kinawatambua wazima 97 kati ya 100.

Chukua watu 1000, ugonjwa umetulia, wenye kirusi ni 20. Kipimo kitashika 16. Kati ya wazima 980, asilimia 3 watasomeka chanya kimakosa, kama 29. Kwa hiyo una chanya 45, na za kweli ni 16 tu.

Sasa wimbi limepanda, wenye kirusi ni 300. Utashika 240, za uongo 21. Chanya yako sasa ni ya kuaminika, lakini umewaachia wagonjwa 60 wenye jibu hasi. Msimu umetulia, itilie shaka chanya. Wimbi limepanda, itilie shaka hasi. Kwa influenza ni kali zaidi, vipimo vya haraka vya kawaida vinashika asilimia 50 hadi 70 tu. Mjamzito au mtoto mwenye dalili kali wakati wa wimbi, jibu hasi lisimzuie tabibu kuanza dawa.

#16 MamaZahanati

Hesabu hii nimeielewa vizuri, nitaibandika ukutani. Je, makosa ya kusoma?

#17 PipetiNyoofu

Muda. Kiti kikisema dakika 15 hadi 20, mstari uliotokea baada ya saa moja siyo jibu. Tumia kimiminika cha kiti chenyewe; ukitia juisi ya chungwa au soda, mstari wa uongo unaweza kutokea kwa sababu asidi inavuruga kingamwili zilizopakwa kwenye karatasi. Hata kimiminika cha kusafirishia virusi usikitumie mpaka kiti kiseme kinaruhusiwa, kinaizimua antijeni. Mstari wa C (wa kidhibiti) usipotokea, tupa hata kama T (wa kipimo) imeonekana.

Na stoo. Viti vingi vinataka nyuzi 2 hadi 30. Stoo ya bati Tanga au Mombasa mwezi wa pili inapita hapo mchana. Weka kipimajoto ndani na uandike saa nane mchana, siyo asubuhi peke yake. Vikitoka friji, viache vipate joto la chumba kabla ya kufungua pakiti, la sivyo unyevu unaingia kwenye karatasi.

#18 Katriji_Nne

Kwa vituo vyenye GeneXpert (mashine ya PCR ya katriji) ya kifua kikuu: mashine ile ile inakubali katriji za UVIKO-19, influenza na RSV. Tofauti ni maandalizi. Hapa HAKUNA kile kimiminika cha kuyeyushia makohozi. Pindua kichupa cha sampuli mara tano, chota mikrolita 300 kwa pipeti ya kwenye boksi, weka kwenye tundu la sampuli, funga. Usitikise katriji.

INVALID ina maana kidhibiti cha ndani kimeshindwa: kizuizi au sampuli mbaya, rudia na katriji mpya. ERROR 2008 ni shinikizo limezidi, mara nyingi kamasi nzito imeziba. Acha itulie, chota juu bila vipande. 5006, 5007 na 5008 ni ukaguzi wa probu umeshindwa: angalia ujazo, uhifadhi wa katriji na kama iliangushwa. Moduli moja ikirudia kosa lile lile na nyingine ni salama, ni moduli, siyo wewe. Mashine inataka chumba cha nyuzi 15 hadi 30. Safisha kichujio cha feni kwa ratiba, vumbi linaipandisha joto. Katriji zilizotumika nazo zina guanidini, msizitumbukize kwenye jiki.

#19 Mwanafunzi_DMLS

Kama PCR ipo, kwa nini bado watu wanaotesha virusi?

#20 NyuziHasi80

Kwa sababu PCR inakuambia kipo, haikuambii kimebadilika vipi. Mtandao wa WHO wa influenza unafanya kazi tangu 1952, na mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, unapendekeza virusi vya kuwekwa kwenye chanjo. Wanahitaji kirusi hai, na baadhi kinatoka huku kwetu kupitia vituo vya taifa vya influenza kama kile cha UVRI (taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda) Entebbe.

Influenza inaoteshwa kwenye seli za MDCK (za figo ya mbwa), nyuzi 33 hadi 35. Osha seli mara mbili kuondoa seramu, kisha tumia kimiminika chenye tripsini ya TPCK, mikrogramu 1 hadi 2 kwa mililita. Tripsini ndiyo inayokata protini ya HA (iliyo juu ya kirusi) ili kirusi kiingie seli inayofuata. Ukiacha seramu, inaizuia tripsini, na utakaa siku saba ukiangalia seli nzuri zisizo na kirusi. RSV inapenda seli za HEp-2 (za binadamu), seli zinaungana na kuwa jitu moja lenye viini vingi. Uoteshaji wa H5N1 unataka maabara ya usalama wa ngazi ya tatu, usiujaribu pengine.

Kupima kingamwili za damu hakusaidii kumtibu mgonjwa wa leo. Unahitaji damu mbili, ya mwanzo na ya wiki mbili hadi tatu baadaye, na ongezeko la mara nne. Zina faida kwenye utafiti, kama wa familia au wa chanjo.

#21 Kizingiti_0.1

La mwisho kwangu. InfA chanya, Ct 27, grafu nzuri. H1pdm09 na H3 (aina mbili za influenza A za msimu) zote hasi. RNase P 24. Vidhibiti vyote viko sawa. Naandika "influenza A isiyojulikana aina" na kufunga?

#22 NyuziHasi80

Usifunge mkuu. Kwa Ct 36 ningesema kirusi ni kidogo, vipimo vya aina vimekosa nguvu. Kwa Ct 27 kirusi ni kingi, na aina mbili za msimu zimekataa. Inaweza kuwa praima ya H3 haiendani na mabadiliko mapya, au probu ya aina imeharibika, lakini inaweza kuwa influenza ya wanyama.

Leo leo: rudia kutoa RNA kutoka sampuli ya asili, pima tena InfA, H1, H3 kwa praima za kundi jingine, na H5 kama unayo. Kichupa cha asili kiwe hasi 70, kisiguswe na kazi nyingine, na hakuna kuotesha. Usisubiri majibu ya marudio ndipo upige simu: ita maabara ya taifa ya influenza sasa hivi na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Aina mpya ya influenza kwa binadamu ni tukio ambalo nchi inaripoti WHO ndani ya saa 24 chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005.

Mwambie tabibu amtenge mgonjwa na amuulize mambo manne: kuku au bata waliokufa, nguruwe, soko la ndege hai, safari za siku 10 zilizopita. Achukue kijiti kipya cha koo na cha pua, na cha jicho kama ni jekundu. Dawa ya oseltamiviri ianze bila kusubiri. Kwenye ripoti andika hivi: "Influenza A imepatikana. Siyo H1pdm09 wala H3 kwa vipimo vilivyopo. Sampuli imepelekwa maabara ya taifa kwa uchunguzi zaidi," na tarehe na saa uliyopiga simu.

#23 Kizingiti_0.1

Nimekuelewa. Kichupa kimeshaingia hasi 80, simu inaita.